Siku Mama Alipokuja Kuiona Ofisi Yangu ya Mwambani

Nyinyi vijana mnaokuja kila Jumamosi kupanda yale mawe makubwa nyuma ya shamba la kaka yangu, mmeniomba niwaandikie kitu cha kusoma mkiwa mnapumzika. Mlisema niandike kuhusu usalama. Nimejaribu. Niliandika ukurasa mzima kuhusu mafundo ya kamba, nikausoma mwenyewe, nikasinzia. Kwa hivyo nitawasimulia habari ya mama yangu, mwalimu mkuu mmoja na jogoo, na huo usalama mtauokota humo humo njiani.

Mnaniita Kukhu, kama mnavyowaita bibi zenu, na mnanisaidia kuvuka mtaro. Asanteni. Lakini miguu hii ilifanya kazi miaka ishirini na minne kwenye miamba ya chokaa ya pwani, ile inayosimama wima juu ya bahari kaskazini mwa Mombasa. Kazi yangu ilikuwa kuwashusha wageni kwa kamba mpaka karibu na maji, kisha kuwapandisha tena wakiwa bado wanaongea na Mungu.

Sikuanzia pwani. Nilianzia hapa hapa, Isecheno, katika msitu wa Kakamega. Kulikuwa na watafiti waliotaka mitego ya wadudu itundikwe juu kabisa kwenye miti, na mimi nilikuwa nimeajiriwa kuwapikia obusuma, yaani ugali, na mboga. Siku moja mpandaji wao akashikwa na malaria. Nikawaambia nitapanda mimi. Walicheka, kisha wakanifunga mshipi wa kiunoni na mapajani, kisha wakaacha kucheka. Nilipanda mti wa kwanza kwa kamba nikiwa na sketi juu ya suruali, na nilipofika juu nikaona msitu wote kama shamba la sukuma wiki lisilo na mwisho. Sikutaka kushuka. Kutoka siku hiyo wapishi walitafutwa wengine.

Shida ilikuwa mama. Kwetu, karibu na Lubao, ilijulikana kwamba mwanamke hapandi mti wala paa. Mama alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko wazee wote wa ukoo. Nikiwa mdogo aliwahi kunichapa kwa sababu nilikanyaga tawi la mpera, tena tawi la chini, linaloweza kufikiwa na mbuzi. Kwa hivyo nilimwambia kwamba Isecheno nilikuwa nahesabu mbegu. Na mmoja wa wale watafiti alipofungua kambi ya kupanda miamba huko pwani na kuniita, nilimwambia mama nimepata kazi ya ofisi kwenye hoteli ya wageni. Aliniuliza kama kuna meza. Nikasema ipo. Sijui ni nini kilichonituma niongeze kwamba na kiti kinazunguka.

Basi, pwani nikampata mwalimu wangu, Mzee Karisa, Mgiriama mwembamba aliyekuwa amekata mawe ya kujengea kwenye timbo kwa nusu ya maisha yake kabla ya kambi kumchukua. Hakujua kusoma kitabu hata kimoja cha upandaji, lakini mwamba aliusoma kwa masikio. Siku yangu ya kwanza alinipa jiwe dogo mkononi akaniambia nigonge ukuta mzima, kila mahali ninapofikia, na nisipande hata hatua moja. Niligonga asubuhi yote. Jiwe zima hulia kwa ukali, kama sufuria tupu. Jiwe lililooza ndani hulia kwa unene, kama mtu anayeitikia akiwa chini ya blanketi. Saa sita nikamwambia, "Mzee, mawe hii ni mbaya." Akaniambia, "Mawe haya ni mabaya. Yakikuangusha, mwanangu, yakuangushe ukisema Kiswahili."

Hapo ndipo mjifunze. Mawe yetu ya Kakamega ni magumu na hayana mashimo, unayapanda kwa kusukuma kiganja na kuamini kiatu chako. Chokaa ya pwani ni kitu kingine. Bahari imeitafuna mpaka imekuwa na matundu kila mahali, na kingo za matundu ni kali kama kisu cha kukatia miwa. Ukishika, vuta kwenda chini, usivute kuelekea kwako, kwa sababu unaweza kuondoka na kipande chote kama mtu anayefungua droo. Na kabla ya kuingiza vidole kwenye tundu, piga hodi. Mimi sikupiga hodi siku moja, na mwenye nyumba alikuwa kaa. Alinishika kidole cha kati akiwa hana mpango wa kuniachilia. Mzee Karisa alikuwa juu ameshika kamba yangu, akanisikia nikilia kwa Kiluhya, akadhani naimba. Aliniambia baadaye kwamba alifurahi kuona nimeanza kuipenda kazi.

Tena kuna chumvi. Chumvi hula chuma kimya kimya. Kila jioni tulikuwa tunaosha kamba na pete za chuma kwa maji baridi ya kisima, na nilikuwa nalalamika kwamba nimetoka Kakamega kuja kufua nguo za mwamba. Siku Mzee alipokunja kwa vidole pete moja iliyokuwa imesahaulika mvunguni mwa kitanda cha mtu, ikavunjika kama biskuti, niliacha kulalamika.

Sasa nije kwa siku yenyewe. Nilikuwa nimekaa pwani miaka saba.

Asubuhi hiyo tulipata walimu wa shule moja ya sekondari waliokuja kutembea pamoja kabla ya shule kufunguliwa. Mwalimu mkuu wao, Bwana Mwero, alikuwa mtu mkubwa kwa umri na kwa kimo, mwenye sauti ya kuzoea gwaride. Walimu wake walishuka na kupanda mmoja mmoja, wakacheka, wakaenda kambini kunywa soda. Yeye akasema atakuwa wa mwisho, kama nahodha. Kisha, kabla ya kuvaa mshipi, akanigeukia mimi na Mzee Karisa na kuanza kutuhutubia kuhusu ujasiri.

Mnajua maji ya bahari yana saa zake za kujaa na kupwa. Chini ya ule mwamba kuna ukingo wa jiwe, kama baraza, ambapo mgeni hutua kisha huanza kupanda. Maji yakijaa, baraza linafunikwa, na mawimbi hupiga ukuta kwa nguvu ya kuweza kumsugua mtu kama karoti. Nilikuwa na karatasi ya saa za maji mfukoni. Nilijua muda unaisha. Lakini mbele yangu alikuwa mzee wa watu anaongea, na mimi nililelewa kwamba mkubwa hakatizwi. Nikasimama, nikaitikia kwa kichwa. Alimaliza hotuba kwa wakati wake. Mzee Karisa alinitazama mara mbili, na mara zote mbili nikajifanya natazama kamba. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote niliyofanya katika kazi hii, na nililifanya nikiwa nimesimama wima kwenye nyasi.

Tulimshusha. Nilishuka kando yake kwa kamba yangu mwenyewe. Alianza kupanda vizuri tu, akihesabu matundu kwa sauti. Tulipofika zaidi ya nusu ya ukuta, wimbi la kwanza kubwa likapiga chini yetu na maji yakatulowesha viatu. Bwana Mwero akatazama chini. Baraza alilotokea halikuwepo tena.

Akaukumbatia mwamba kwa mikono yote miwili, akabandika shavu kwenye jiwe, akafumba macho. Nilimwambia asogeze mguu wa kulia, hakusogea. Nikamwambia asogeze wa kushoto, akaniambia kwa adabu kwamba yeye hapandi tena wala hashuki, atabaki hapo.

Kumshusha hakukuwezekana, chini kulikuwa na mawimbi. Kumvuta kutoka juu kama gunia la mahindi pia hakukuwezekana. Mtu aliyejishikilia hivyo havutiki, na zaidi ya hapo niliona hatari nyingine. Pale juu, kamba inapopita kwenye mdomo wa mwamba, huwa tunatandika gunia nene ili ukingo usiikate. Lile gunia lilikuwa limeteleza pembeni. Kamba ya Bwana Mwero ilikuwa inalala juu ya jiwe tupu, lenye meno. Ikitulia haidhuriki upesi. Ikivutwa na uzito ule wote huku ikisuguliwa, inakatika. Mzee Karisa alikuwa ameishika kamba hiyo hatua kadhaa kutoka ukingoni, asingeweza kuiacha hata kidogo ili aje kurekebisha gunia. Nilimwita, akaniambia ameona. Tulikuwa watatu na hakuna aliyekuwa na mkono wa ziada.

Nilimwomba Bwana Mwero, nikambembeleza, nikamwimbia hata wimbo wa kanisani. Aliniambia mstari wa pili nimeukosea, lakini hakusogea.

Hapo ndipo nilipoona kichwa cha jogoo kikichungulia juu ya ukingo wa mwamba. Kando yake kikatokea kitambaa cha kichwa cheupe chenye mstari wa buluu, cha akina mama wa kanisa letu. Chini ya kitambaa ulikuwa uso wa mama yangu.

Baadaye nilielezwa alivyofika. Akina mama wa kanisa walikuwa wamekuja Mombasa kwenye mkutano wa maombi, na yeye akatoroka siku moja aje anione, bila kuniambia, ili anikute nikiwa kwenye kiti changu. Alikuwa amesafiri na jogoo kutoka Lubao, kwa sababu kwetu humtembelei mtu wa ofisi mikono mitupu, na ingokho, yaani kuku, ndiyo heshima. Kambini walimwonyesha njia ya mwambani. Alimkuta Mzee Karisa amekaza kamba, akamuuliza Jentrix, yaani mimi, yuko wapi, naye kwa kukosa mkono akamwonyesha kwa kidevu upande wa bahari. Mama akadhani anaambiwa nimezama. Mzee akamwambia haraka kwamba niko mzima, niko hapo chini tu, ila alale kifudifudi kabla ya kusogea, na asukume lile gunia lirudi chini ya kamba. Mama hakumjua mtu yule, lakini alilala juu ya nyasi na sare yake nyeupe, na jogoo kwapani, akajisogeza mpaka ukingoni.

Tukatazamana.

"Jentrix," akasema.

"Mama."

"Hii ndiyo ofisi?"

Nilitazama bahari chini yangu, na mwalimu mkuu kando yangu. Sikuwa na uongo mwingine. "Ndiyo, mama."

Akaanza kusukuma gunia kwa mkono mmoja huku akinigombeza. Alisema miaka saba amekuwa akiambianga watu kwamba niko na meza. Amewaambia mpaka kuhusu kiti. Mke wa mchungaji alikuwa ameomba picha ya hicho kiti. Nikamjibu kwamba asingenikubalia kamwe ningesema ukweli. Akasema hakuniuliza ningesema nini, ameniuliza kwa nini naninginia kama popo. Nikasema siyo kuninginia, ni kazi. Sauti zetu zilipanda, na wale ndege wa baharini wakaondoka.

Na hapo kando yangu nikasikia mtu anakohoa. Bwana Mwero alikuwa amefumbua jicho moja.

"Samahani, mzazi," akasema, shavu likiwa bado kwenye jiwe. "Habari ya meza ulipewa na nani?"

"Na yeye mwenyewe," mama akasema.

"Kwa barua au kwa mdomo?"

"Kwa simu. Na Krismasi kwa mdomo, akikula kuku yangu."

Bwana Mwero akageuza kichwa anitazame. Ndugu zangu, nimetazamwa na watu wengi, lakini sijawahi kutazamwa hivyo. Nilikuwa na miaka thelathini na tano na nikajihisi nimeshika daftari lisilofanyiwa kazi. Ili ageuke vizuri, aliachilia mkono mmoja.

Nikaelewa. Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba nina maelezo yangu, ila mama hatusikii vizuri kwa sababu ya mawimbi, tukisogea karibu kidogo nitajieleza mbele ya wote wawili. Kuna tundu hapo karibu na goti lake la kulia. Akaweka mguu kwenye tundu, akasimama, na Mzee Karisa, gunia likiwa limesharudi mahali pake, akavuta taratibu kamba iliyolegea.

Tukaendelea na kesi. Kila swali lilitupandisha hatua moja. Aliuliza nilianza lini kudanganya, nikasema Isecheno, akapanda. Akamuuliza mama kama mtoto alikuwa na tabia hiyo tangu shule ya msingi, mama akasema hapana, alikuwa mtoto mzuri, ila alipendanga miti. Akapanda tena. Tulipofika karibu na mdomo wa mwamba, pale panapotisha zaidi kwa sababu jiwe linatokeza nje juu ya kichwa, Bwana Mwero alikuwa ameshafika kwenye hukumu. Alisema mtoto amekosa kwa kumdanganya mzazi, hilo halina mjadala. Lakini mzazi naye ana kosa.

"Mimi?" mama akasema.

"Ndiyo, mzazi. Ulimfanya mtoto aogope kukuambia ukweli." Na akisema neno hilo akashika ukingo, akajivuta, akapita kando ya mama na jogoo, akaketi kwenye nyasi. Alinyoosha kidole aendelee. Ndipo akaona kwamba mahali alipokaa ni bara, na bahari iko nyuma yake. Kidole kikabaki hewani. Alilala chali, na walimu wake waliokuja kumtafuta walidhani anapunga upepo.

Mzee Karisa alifunga kamba, akanivuta kando. Hakupandisha sauti. "Leo ungeniulia mtu kwa adabu," akaniambia. Nikalia. Vijana, mgeni awe mwalimu, awe askofu, awe baba mkwe wako, muda wa maji ukifika mkatize. Atakusamehe akiwa hai. Na gunia liangaliwe kabla ya kila mtu kushuka, siyo asubuhi tu.

Mama hakunisemesha mchana wote. Jogoo tulimla, na hata akichinja hakunitazama. Lakini alimfuata Mzee Karisa kila mahali, akimuuliza. Kamba hii inabeba nini? Fundo hili likifunguka? Nani huangalia fundo la anayeangalia? Alikuwa ameuza kuku soko la Lubao maisha yake yote, na anajua kumkagua mtu anayemsifia kitu. Mzee alimjibu yote, akamfunga mshipi na kumfungua, akamwonyesha jinsi kamba inavyopita kwenye chuma ili hata mtu mdogo amzuie mtu mkubwa.

Asubuhi iliyofuata maji yalikuwa yamekupwa na bahari imetulia. Mama alikuja mwambani akiwa amevaa lile gauni lake la sare, na mshipi wa kupandia juu ya gauni. Akasema nishuke mpaka barazani na nipande, na kamba yangu ataishika yeye. Mzee Karisa alikaa nyuma yake na kushika mkia wa kamba, kwa usalama.

Nilipokuwa najifunga, Mzee akamuuliza mama ni kwa nini kwetu wanawake hawapandi. Nilidhani atamjibu habari za mila.

"Baba ya huyu alikuwa juu ya paa la kanisa, anapigilia mabati," mama akasema. "Akateleza. Hakukuwa na mtu ameshika kitu."

Nilijua baba alivyokufa. Nilikuwa na miaka minne. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuunganisha jambo hilo na tawi la mpera, wala na fimbo niliyopigwa. Nilidhani mama alikuwa anatetea ukoo. Nilimaliza kujifunga, nikashuka.

Nilipanda polepole. Ule ukuta nilikuwa nimeupanda mara nyingi kuliko nilivyopanda ngazi, na siku hiyo niligonga kila jiwe kama mgeni. Kila nilipopata hatua moja, kamba ilikazwa hapo hapo, imenyooka kabisa, hata nafasi ya kidole haikuwepo. Mtu mwingine angenikera kwa kunivuta namna hiyo. Nilifika juu, nikajivuta kwenye nyasi.

Mama alikuwa amekaa chini, miguu ameikita kwenye jiwe, midomo inatembea kwa maombi.

"Umefika?" akauliza, bila kutazama kitu kingine isipokuwa kamba.

"Nimefika, mama. Unaweza kuachilia."

"Bado. Toka hapo ukingoni. Sogea. Sogea tena. Kaa chini."

Nikakaa chini mbele yake, magoti yetu yakagusana.

"Sasa umefika," akasema, lakini mikono haikufunguka. Mzee Karisa alikuja kumsaidia, akaitoa kamba kwenye vidole vyake kimoja baada ya kingine.